Tangi la Mika

Nkoaranga, 9 Februari 2025

Mwanangu Nalepo,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi ni mzima kiasi. Usishangae kuletewa barua siku hizi za simu. Polisi walipokuja baada ya msiba walichukua simu ya Mika kwa uchunguzi, na yangu wakaibeba pia kwa sababu eti marehemu alikuwa akiitumia. Nimeifuatilia mpaka nimechoka. Naweza kuazima ya jirani, lakini simu ya jirani huja na jirani mwenyewe, anakaa pembeni anapukuchua mahindi huku anasikiliza. Kwa hiyo nimempa Lilian barua hii. Akimaliza kushusha ndizi zake Kimandolu huwa anapita huko Sakina kwa dada yake. Nimemwambia akupe wewe mkononi, asimpe mumeo Yoeli.

Nina jambo la kukuuliza. Vumilia kwanza nikueleze.

Tangu mume wangu ajiue (naandika neno lenyewe, nimechoshwa na "alitutoka ghafla") kila mtu amekuja na sababu yake. Ofisa mmoja alisema redioni kwamba marehemu alikuwa na matatizo ya kifamilia na suala la maji halihusiki. Matatizo ya kifamilia ndiyo mimi. Kanisani sasa wananiachia benchi zima, nakaa peke yangu kama askofu.

Wengine ni watu wa Sakaya, huyu anayetaka ubunge. Alikuja na magari mawili, moja likanasa kwenye matope pale kwenye mteremko, vijana wakalisukuma. Anasema Mika alikufa kwa ajili ya maji. Shamba la maua lilipoziba mfereji kule juu, ni Mika kama mwenyekiti wa kitongoji aliyekwenda wilayani kudai, ni yeye waliyemweka ndani, na baada ya kutoka hakukaa sana akafa. Hayo yote ni kweli, yalitokea hivyo hivyo. Lakini Sakaya anayaunganisha kwa namna yake. Alinisimulia kwamba katika nchi moja ya mbali mtu wa kawaida tu alijitoa uhai kwa kuonewa, na serikali nzima ikaanguka. Sasa anamalizia tangi la maji pale karibu na shule na anataka liitwe Tangi la Mika. Siku ya kulifungua nikae mbele, niseme maneno machache: alikufa kwa ajili ya maji yetu.

Ulikuwepo tulipomzika. Hakulazwa kwenye migomba karibu na baba yake, aliwekwa ukingoni. Kengele haikupigwa. Mchungaji alikuja bila joho, akasema amekuja kama jirani. Na mshili, mzee wa ukoo wetu, akatamka kwamba jina lake limefungwa, hakuna mtoto atakayelirithi. Wewe unajua kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake.

Juzi mshili huyo huyo alinivuta kando. Akasema mtu aliyekufa vitani hakujiua. Watu wakimkubali Mika kuwa shujaa, wazee watakaa tena, na jina litafunguliwa. Ndiyo maana nakuandikia. Huyo mtoto uliye na mimba yake akiwa wa kiume, utakubali aitwe Mika? Ukikubali nitakwenda nikae mbele yao niseme. Sina hakika kama maneno yale ni uongo. Sina hakika kama ni kweli. Ila jina lake nalitaka, Nalepo, nalitaka kuliko kitu chochote kilichobaki.

Mama yako,
Ndeshi


Sakina, 16 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata, Lilian alinipa mkononi kama ulivyomwagiza.

Miguu bado imevimba na presha haijashuka. Daktari amesema nilale, nisikanyage cherehani, basi nimeifunika na wateja wangu wamehamia kwa fundi wa upande wa pili. Yoeli hajambo. Kazi gereji ni nyingi, anarudi amechoka. Anakusalimu.

Kuhusu hilo jina, mama, naomba tuliache. Siwezi kulitaja, na mtoto siwezi kumpa. Naomba usikasirike. Ningeweza kueleza zaidi lakini kichwa kinauma na Lilian ananisubiri mlangoni.

Mwanao,
Nalepo


Nkoaranga, 23 Februari 2025

Nalepo,

Marahaba.

Sijakasirika. Hasira inataka nguvu na mimi nguvu zangu namalizia kupogolea kahawa, kwa kuwa aliyekuwa akipogolea hayupo. Lakini barua yako nimeirudia nikitafuta jina la mume wangu humo ndani, halimo. Umeandika "hilo jina" kama mtu anayesogeza kitu kwa fimbo.

Nilitegemea watu wa kanisani. Sikukutegemea wewe. Ndugu zake waliposema Yoeli asioe Mwarusha wa ng'ombe kutoka nyuma ya mlima, ni Mika aliyewanyamazisha. Aliwaambia huyu ni mwanangu kuanzia leo, anayetaka kusema aseme akiwa njiani anarudi kwake. Huenda hukuwahi kuambiwa hilo. Sasa umeambiwa.

Nimemjibu Sakaya kwamba nitakwenda. Ufunguzi ni Jumamosi tarehe 15 Machi. Nimesikia Yoeli naye atasema jukwaani, na kwamba wamemwahidi udiwani. Hajakanyaga hapa tangu tuzike, anamtuma bodaboda kuchukua ndizi, lakini jukwaani atakuja. Sawa. Jina likifunguliwa na mama wa mtoto hakulitaka, nitalifuga mwenyewe hapa nyumbani pamoja na mbuzi.

Tunza afya yako.

Ndeshi


Sakina, 9 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimelala ubavu, mwandiko usiujali.

Nimelia kwa barua yako halafu nikaona kosa ni langu, nilikuandikia kana kwamba unajua mambo ya kwetu. Kwetu mtu akifa jina lake halitajwi tena nyumbani. Si kwa aliyejiua tu, kwa yeyote. Bibi yangu alikufa mzee kabisa, kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka, na mimi niliyelelewa naye sijawahi kulitamka jina lake tangu siku ile. Na mtoto hapewi jina la aliyekufa, linaachwa kwa marehemu mwenyewe. Sisi ni Walutheri kama ninyi, baba yangu ni mzee wa kanisa, lakini hilo limebaki. Kwenu kumnyima mtu jina ni adhabu. Kwetu ni heshima. Nilipoandika "hilo jina" nilikuwa namheshimu baba. Hayo aliyowaambia ndugu zake sikuwahi kuyajua, na nimeyaweka moyoni.

Nilimweleza Bi Hafidha, mwenye nyumba wetu, kuhusu tangi. Si mtu wa kuingilia mambo ya watu, lakini alikaa kitandani kwangu akanipa kisa chake. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini. Mwaka ule wa msako wa walanguzi, themanini na tatu, walimshika, wakasema ameficha bidhaa. Kesi haijaanza, akajiua. Kwenye mkutano wa mtaa wakatangaza kwamba amejihukumu mwenyewe, huo ndio ushahidi. Shekhe wa mtaa akasita kumsalia, wajomba zake wakamsalia wenyewe nyumbani. Hakuna aliyemwita shujaa. Bi Hafidha aliniambia, "Angekuwa upande wa pili wangeipa barabara jina lake. Kifo ni kile kile, mwanangu. Kinachobadilika ni nani anakihitaji." Kisha akanikorogea uji.

Nikamwambia ile habari ya Sakaya ya nchi ya mbali. Akauliza kama Sakaya alisema mama wa yule mtu yuko wapi sasa. Sikujua. Alikwambia?

Mama, ningependa kuishia hapo.

Nilikuandikia kwamba Yoeli hajambo. Nilikudanganya. Halali. Anakwenda kukaa ndani ya gari bovu la mteja, anafunga milango. Hotuba aliyoandikiwa na watu wa Sakaya anayo, anaisoma kwa sauti bafuni. Kuna siku nilimwambia hiyo sehemu ya kumsifu baba kwa namna alivyokufa aitoe, akanijibu, "Baba alionyesha njia. Akiwa hai hawakumpa hata kiti ofisini. Leo wanakuja na magari mpaka mlangoni." Alisema bila hasira, kama mtu anayenielekeza duka lilipo.

Na juzi amegawa spana zake. Zote, kampa fundi mwenzake, akasema hazihitaji. Mimi ni mke wa fundi, mama. Fundi gani anagawa spana?

Namwogopa. Namwogopea. Sijui niandike lipi.

Mwanao,
Nalepo


Nkoaranga, 12 Machi 2025

Nalepo mwanangu,

Barua imefika imelowa, masika yameanza huku. Nisamehe kwa lile la fimbo na lile la mbuzi.

Nimeisoma nikaenda moja kwa moja hospitali kumwona Elinipa, binti wa shangazi yangu, ni muuguzi na watu wa namna hii amewahudumia. Nimemwonyesha ulichoandika. Nikuandikie alivyosema kabla sijasahau. Usimwache peke yake. Mwambie Bi Hafidha, mwambie na fundi mwenzake, hii si siri ya kuilinda. Ondoeni ndani kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho. Na muulize. Usizunguke na habari za usingizi na chakula, muulize kwa maneno yenyewe kama anafikiria kujiua. Nilimwambia Elinipa naogopa tusije tukampa wazo. Akasema wazo analo tayari, kinachokosekana ni mtu wa kuliongea naye.

Nilitaka kuteremka leo hii. Elinipa akanizuia, anasema nikiingia mimi Yoeli atajua mkewe amemsema, atajifunga. Kesho anakuja mwenyewe, atapita kama mgeni wa kukuangalia wewe na mimba yako, na atalala huko. Yoeli akitaka kumpeleka stendi arudi, msimruhusu.

Mika naye aliniambia. Alisema, "Mama Yoeli, nimechoka." Huku kwetu kila mtu husema amechoka, ni kama salamu, nami nikamjibu kwamba sote tumechoka. Sijui kilichomchosha. Inawezekana ni maji, ni zile siku za mahabusu, ni mama yake aliyekufa mwaka jana, inawezekana lilikuwa jambo la zamani ambalo hata yeye hakulijua jina. Ningekuwa najua ningekwisha kuwaambia wote, redio na Sakaya, wakachukua wakaenda zao.

Sakaya hakusema mama wa yule mtu yuko wapi. Sikuuliza. Nilikuwa nawaza jina.

Jumamosi nitakwenda kama nilivyoahidi, na ninyi mwacheni Yoeli aje. Elinipa atakuja naye gari moja. Nataka aje. Akiwa amekaa jukwaani hawezi kuondoka nikiwa naongea.

Mama yako,
Ndeshi


Sakina, 17 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia na huenda hii ikakukuta Yoeli yuko huko huko, lakini nataka habari uipate kwa mkono wangu.

Nilimuuliza. Ijumaa asubuhi akinawa uso, nikamuuliza kwa maneno yenyewe kama ulivyoagiza. Alicheka, akasema mimba imenipanda kichwani. Elinipa alikuwa jikoni amesikia.

Jumamosi alirudi alasiri na Elinipa, suruali imejaa tope mpaka magotini. Alikaa kwenye kigoda changu cha cherehani. Jambo la kwanza alisema, "Mama amemkana baba mbele ya watu." Nikamwambia anisimulie. Hakutaka, kisha akasimulia, na maneno yako nadhani ameyashika yote. Kwamba Sakaya alikupa kipaza sauti akakugusa bega. Kwamba ukasema, "Mume wangu alipigania maji akiwa hai. Siku aliyokufa hakuwa anapigania kitu, alikuwa mgonjwa na sisi hatukujua. Kufa kwake hakujaleta maji. Angekuwepo leo angesimama hapa abishane nanyi mpaka jioni, na hilo ndilo tulilopoteza. Mtu asije akamwambia mwanangu kwamba baba yake alionyesha njia." Kwamba ukamtazama Yoeli, ukasema, "Haikuwa njia, baba." Kisha wakafungulia muziki na kijana mmoja akakuchukulia kipaza sauti. Yeye ndiye aliyekuwa anafuata kusema. Alishuka kwa nyuma akaja kukaa kwenye gari alilokodi Elinipa.

Alipomaliza kunisimulia nilikuwa nakunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Ndipo akasema, "Lile swali lako la jana. Jibu ni ndiyo. Kila siku."

Sikupiga kelele mama, ingawa nilitaka. Nilimshika mkono nikamwambia ahsante kwa kuniambia. Bi Hafidha akaja akakaa upande wa pili. Yoeli akalia kwa muda mrefu, tukamwacha alie. Elinipa amempeleka hospitali ya huko kwenu leo asubuhi na yeye mwenyewe amekubali, amepanda gari kwa miguu yake. Fundi mwenzake amezirudisha spana, zipo chini ya kitanda changu. Nimemwambia atapewa akipona na sizikodishi.

Najua ulichokiacha pale jukwaani, ni lile jina. Nilielewa alipokuwa akisimulia.

Mwanao,
Nalepo


Sakina, 20 Aprili 2025
Sikukuu ya Pasaka

Mama,

Shikamoo. Mtoto amezaliwa Alhamisi, wa kiume, kwa upasuaji, sote wazima. Ana paji la uso la kwenu. Yoeli alikuja kutuona na Elinipa, akambeba, akauliza mbona mwepesi hivi. Amekonda lakini ananitazama machoni.

Lilian ameniambia wazee walikaa na mshili akasema jina limefungwa moja kwa moja, kwa kuwa mjane mwenyewe amekiri. Pole mama.

Tumezungumza mimi na Yoeli. Mtoto ataitwa Koikai. Nimeulizia nyumbani, hakuna aliyekufa mwenye jina hilo, hata mmoja. Aanze nalo mwenyewe.

Lakini kuna jambo nimeamua bila kumuuliza baba yangu mzazi wala mshili. Mkwe wangu aliitwa Mika. Aliwanyamazisha ndugu zake kwa ajili yangu, na siku ya kwanza nilipokuja alinipisha kiti chake. Mika. Nimeliandika mara mbili. Bi Hafidha yuko hapa ananitazama, anasema mkono wangu bado uko mahali pake. Koikai akikua akiuliza, nitamwambia babu yake aliitwa nani, na nitamwambia alikufaje.

Mwanao,
Nalepo


Nkoaranga, 27 Aprili 2025

Mwanangu Nalepo,

Marahaba, na hongera, na karibu Koikai. Nililipata jina la Mika kwenye karatasi yako nikaenda nalo nje, kuna mwanga zaidi.

Habari za huku. Tangi limekwisha kupakwa rangi, limeandikwa jina la Sakaya. Yule ofisa wa redio naye amesema tena, safari hii kwamba mjane amethibitisha haikuwa maji. Kwa hiyo wote wawili wamenitumia na hakuna aliyeniletea hata sukari. Mfereji bado unatufikia kwa zamu, na zamu yetu wanaikata. Wiki ijayo tunakwenda wilayani, wanawake safari hii, nami nimewaambia nitakaa mbele kwa kuwa nimeshazoea benchi la peke yangu. Simu yangu wamenirudishia, ila haina chaji na kwa kweli nimeanza kupenda karatasi.

Kaburi la Mika liko pale pale ukingoni. Nimepanda migomba kulizunguka, mshili akipita atadhani amepotea njia.

Yoeli yuko hapa, kama unavyojua. Anakwenda kwa Elinipa kila wiki, dawa anakunywa, wakati mwingine analalamika zinamzidishia usingizi, nami namwambia alale. Siku nyingine ni mbaya, haamki, sikufichi. Elinipa amenifundisha kuuliza na sasa nauliza kama mtu anayeuliza habari za asubuhi. Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito.

Jana alikuwa ananisaidia kukata majani ya ng'ombe. Nikamuuliza kama bado anafikiria kufa. Akasimamisha panga, akafikiri kwanza, nikajua hanidanganyi. Akasema, "Leo si sana, mama."

Nimeshukuru kwa hiyo. Kisha akaniuliza kama kuna chai, nikaenda kubandika.

Mama yako,
Ndeshi